Vidole vya Bure

Kilichomsumbua Viviane kuliko vyote ni kucha.

Vidole vyenyewe vilimtii. Alikanda unga kwa sukari, mayai na siagi kidogo, akauvingirisha kwenye kiganja mpaka ukafikia urefu wa kidole cha mtu mzima, kisha akakata mikunjo midogo kwa kisu pale penye viungo. Lakini kucha, yaani nusu ya karanga iliyomenywa, ilidondoka kila alipofunika sufuria na kuweka makaa juu ya kifuniko. Maiti anaweza kukosa pua, anaweza kukosa shavu zima, na bado akatisha. Kidole kisicho na kucha ni biskuti tu, na Viviane hakushinda jikoni tangu asubuhi ili atengeneze biskuti.

Mwishowe alipaka ute wa yai chini ya kila karanga na kuibonyeza kwa kidole gumba. Kucha zikashika. Akachovya upande wa pili, pale kidole kinapokatika kutoka mkononi, ndani ya sharubati nzito ya ngai-ngai, yale maua mekundu yenye uchachu. Akainua kimoja, akakitazama kwenye mwanga wa mlango, akacheka peke yake.

Siku za kazi Viviane alikuwa mpishi wa mikate, yale maandazi ya mviringo ambayo Kisangani nzima hula asubuhi. Aliyakaanga mbele ya nyumba yake huko Mangobo, na wanafunzi, mafundi na waendesha pikipiki walipita kununua kabla jua halijakaza. Alizaliwa Yanonge, huko mto unakoshukia, akaletwa mjini na ndoa, na ndoa ilipokwisha akabaki na kikaango. Alikuwa mfupi, mwenye mabega ya mwanamume, na hakupenda kusema jambo mara mbili.

Lakini kila Jumamosi mchana alizima moto, akanawa, akaenda kwa Tonton Bilali.

Bilali alikuwa fundi cherehani, mzee wa moja ya zile familia za Kiislamu zilizoingia mjini zama za misafara. Kila Jumamosi alisukuma cherehani zake ukutani, akatundika shuka jeupe, akapanga mabenchi na kuonyesha filamu za kutisha. Wapenzi wa filamu hizo walijiita Zombi ya Samedi. Watu wengine siku hizi hutazama filamu kwenye simu, peke yao, chini ya shuka. Wao walisema huko si kutazama, ni kujificha. Filamu ya zombi inataka watu waliobanana benchi moja, wakipiga kelele pamoja.

Na filamu ikiisha, walibishana. Ubishi ulikuwa mmoja, na haukuzeeka: wafu wakiamka leo hapa Mangobo, tunakimbilia wapi?

“Lubunga,” Bilali alisema siku zote. “Tunavuka muto na pirogue. Zombi hajui kupiga kafi.”

“Pirogue iko polepole, Tonton,” alijibu Augustin, mwendesha pikipiki ya abiria. “Mi nawasha pikipiki yangu, natoka mbio mpaka barabara ya Bafwasende.”

“Na esansi ya kuiendesha?” alidakia mtu wa benchi la nyuma. “Jana ulisukuma ile pikipiki kutoka soko mpaka kwako. Batu balikuona!”

Mabenchi yakalia kwa vicheko.

“Mimi sikimbie,” alisema Viviane. “Zombi anatembea kama mutu ya magoti mugonjwa. Mafuta yangu iko moto kila asubuhi. Akuye tu.”

Siku moja, kabla ya vidole vile, Émilie, msusi wa nywele, ndiye aliyesema imetosha kukaa gizani. Watoke nje. Wafanye Siku ya Zombi, watembee barabarani, mtaa mzima ucheke na kuogopa pamoja nao. Yeye angewapaka uso kwa pemba, ule udongo mweupe ambao wajawazito huutafuna, na masizi ya sufuria kuzunguka macho. Augustin angeongoza msafara. Bilali angeshona upya nguo zilizochakaa ili zionekane zimetoka kaburini, kazi aliyosema inamuumiza kwa sababu amezoea kufanya kinyume chake.

“Na chakula?” aliuliza Viviane.

“Chakula ya nini?”

“Fête bila chakula iko mukutano tu.”

Ndivyo kazi ilivyomwangukia, na aliichukua kwa mikono miwili. Alitengeneza vidole. Alitengeneza macho: wali uliopondwa na sukari na maziwa ya unga, ukavingirishwa, kila moja na mbegu ya papai mahali pa mboni. Alitwanga ndizi akapika lituma, akaifinyanga kama ubongo na kuichora mikunjo kwa mpini wa kijiko. Ngai-ngai ikawa damu, ndoo nzima. Augustin alitaka na funza, kwa sababu kwenye filamu funza hutoka masikioni mwa zombi, lakini Viviane alikataa. Funza wanono wa mawese ni kitoweo cha heshima. Wangeletwa mbele ya watu wa Kisangani, hakuna ambaye angeogopa, wangepigana.

*

Jumamosi ilipofika, Mangobo ilicheka mpaka ikashika mbavu. Zombi wapatao ishirini walitoka kwa Bilali wakiburuta miguu, nyuso nyeupe, mashati yameraruka, damu ya ngai-ngai kidevuni. Augustin aliinamisha shingo upande mmoja na kukoroma kama nguruwe. Wasichana walipiga yowe, wakakimbia, wakarudi kuogopa tena. Kinyozi alitoka na mteja aliyenyolewa nusu kichwa, na mtu akapiga kelele kwamba zombi huyo ndiye anayetisha kuliko wote.

Msafara ukasimama mbele ya nyumba ya Viviane. Yeye mwenyewe alikuwa amepakwa pemba uso mzima, na alisimama na beseni kichwani. Akalishusha, akafunua kitambaa. Watu wakaona vidole, wakapiga yowe jingine, la furaha.

Wa kwanza kusogea alikuwa Agathe. Huyu alikuwa muuza makaa, jirani wa Viviane kwa miaka, kibanda kwa kibanda. Makaa ya Agathe ndiyo yaliyokaanga mikate ya Viviane. Alikuwa mnene, mwenye sauti ya kuvuka barabara. Akachukua kidole, akatafuna kucha kwanza, akafumba macho, kisha akamwita jirani yake kwa lile “Ya” la heshima kwa dada mkubwa.

“Ya Viviane! Hii kidole ya nani? Iko tamu kuliko bwana yangu!”

Watu wakaangua kicheko. Agathe akala cha pili na cha tatu. Viviane, kwa furaha, akapaza sauti kwamba leo wafu ndio wanaotoa.

“Mukamate! Mukamate, batu ya Mangobo! Ni ya bule! Leo bafu njo banapana!”

Kutoka nyuma ya umati sauti ya mwanamke mzee ikauliza, taratibu kabisa:

“Agathe. Umelipa?”

“Kulipa nini, Mama Safi? Ni ya bule.”

“Kidole ya mutu,” alisema Mama Safi. “Mufu anakupana. Ya bule. Na weye unameza.”

Kicheko kilikatika. Agathe alishusha mkono. Mama mmoja alimkamata mwanawe aliyekuwa amekwisha nyoosha vidole kuelekea jicho la wali, akamvuta nyuma kwa nguvu. Kisha watu wote, bila kuambiana, wakaweka mikono yao nyuma ya mgongo.

Habari hii kila mtu wa Kisangani anaijua, hata asiyeiamini. Ndoki, yaani mchawi, haji na kisu. Anakuja na tabasamu na zawadi: andazi moja, konzi ya karanga, kipande cha nyama. Unakula, unashukuru, unakwenda kulala. Usiku anakutokea ndotoni na wenzake. Anakuambia kile ulichokula kilikuwa mtu, kilitoka kwetu, sasa ni zamu yako kutoa wa kwenu. Ndiyo maana mama anamfundisha mtoto wake kabla hajajua kuhesabu: usipokee chakula cha bure mkononi mwa mtu.

Zombi ya Samedi walikuwa wamefikiria nyuso, nguo, mwendo, damu na kucha. Neno moja tu hawakulifikiria, nalo ni bure. Walikulia mji huu huu, na mama zao waliwaonya kwa maneno hayo hayo. Ila mtu akizama sana kwenye filamu husahau anaishi wapi.

Watu wakatawanyika, barabara ikabaki tupu. Augustin alinyoosha shingo yake, akajipangusa kidevu.

“Ya Viviane,” alisema. “Hii mambo imeharibika.”

*

Jumatatu asubuhi Viviane alikaanga mikate kama kawaida. Wanafunzi walipita. Walivuka upande wa pili wa barabara walipofika kwake, halafu wakarudi upande huu baada ya kumpita, kama maji yanavyopita jiwe. Fundi wa matairi, mteja wake wa kila siku, alimwamkia kwa mbali na kusema leo tumbo si zuri. Mikate ikapoa kwenye beseni.

Jumanne hivyo hivyo. Na maneno yalikuwa yameota miguu. Ilisemekana karanga zile zilikuwa kucha kweli. Ilisemekana Émilie hukusanya nywele za wateja wake na kumpelekea Viviane. Viviane aliyasikia yote, kwa sababu watu waliyasema kwa sauti inayokusudiwa kusikika.

Makaa yalipokwisha, alikwenda kibanda cha pili na noti mkononi. Agathe aliiangalia noti ile kama mtu anavyoangalia nyoka.

“Sina makala.”

Magunia yalijaa nyuma yake mpaka juu.

“Agathe. Mimi na weye?”

“Usiniite. Usiku ulikuya.” Sauti yake, ile ya kuvuka barabara, ilikuwa imeshuka. “Ulikuya na pemba kwa uso. Ukasema, Agathe, ulikula vidole tatu, nipane mutoto yako ya kwanza.”

“Ulilota.”

“Najua nililota! Si njo kule banakuyaka?”

“Ile ni unga, Agathe. Unga na karanga. Karanga ya Mama Safi mwenyewe, nilinunua kwake! Na zombi ni muchezo. Si uliona filamu? Kila samedi uko kwa dirisha ya Tonton Bilali, unachungulia ya bule.”

“Niliona. Njo maana najua.” Agathe alijikaza, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza. “Zombi anakamata. Anauma, anabeba, anaenda. Hakuna siku zombi alipana mutu kitu. Ndoki njo anapanaka.”

Viviane alirudi kwake na noti yake. Alikaa mbele ya mafuta baridi siku nzima. Mwanzoni alikuwa na hasira, na hasira ilipoisha likabaki lile neno la Agathe. Aliligeuza huku na huku. Halikuwa na kosa. Zombi anakamata. Yeye, kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya Mangobo nzima, alikuwa amesema wafu wanatoa.

Jioni alikwenda kwa Bilali. Augustin na Émilie walikuwa huko, wameketi kama waliofiwa.

“Binti yangu,” alisema Bilali, “nyamaza kidogo. Enda Kabondo kwa dada yako, kaanga mikate kule. Watu watapata jambo lingine la kusema.”

“Na kundi tulivunje,” aliongeza Augustin. “Abonné yangu mumoja, mama ya kanisa, leo alikataa kupanda pikipiki. Anasema nilikuwa mukubwa ya bafu.”

“Nikienda Kabondo, batasema ndoki amekimbia,” alisema Viviane. “Nikinyamaza, batasema amekamatwa. Tukivunja kundi, batasema kumbe ilikuwa kweli. Sina pa kwenda. Kikaango yangu iko Mangobo.”

“Bon, unataka tufanye nini?” aliuliza Bilali.

“Fête. Samedi hii.”

Augustin alishika kichwa. “Ingine?”

“Ile ile. Pemba, nguo, vidole, yote. Tulikosa mbele ya batu, tutatengeneza mbele ya batu. Lakini hapana ya bule.”

“Utauzisha?” aliuliza Émilie.

Viviane alitikisa kichwa. Hilo alikwisha liwaza. Noti inakunjwa, inapita kutoka kiganja hadi kiganja, na nani ameona? Kesho mtu atasema hakulipa. Tena ni mkono kwa mkono, na mkono ndio watu wanaouogopa.

Akawaeleza jinsi mama yake alivyofanya Yanonge. Mama yake alikuwa mtu wa mto, na samaki wa kukaushwa ndio mali yake. Wanawake wa porini walikuja sokoni na kwanga, ile mikate ya muhogo iliyofungwa majani, na ndizi, na mafuta ya mawese. Hapakuwa na pesa na wala hazikutakiwa. Mama alitandika jani chini, akaweka samaki. Yule wa porini akaweka kwanga mbele ya samaki. Wakatazamana, wakatukanana, mmoja akaongeza, mwingine akapunguza. Hakuna aliyemkabidhi mwenzake kitu. Vyote vilikaa ardhini, machoni pa soko zima, mpaka wote wawili waseme ndiyo. Hapo kila mmoja akainama akaokota chake, wakaachana, na hakuna aliyebaki na deni la mwenzake, mchana wala usiku.

Bilali alifikiri. Aliwahi kushona suti za maharusi wengi, na alijua watu wanavyokagua.

“Na wasipokuja?”

“Nitangoja.”

*

Jumamosi wale zombi ishirini walikuwa wanne. Wengine walikuwa na kazi, au homa, au wake zao. Émilie alipaka nyuso nne. Augustin alitembea mbele na kipaza sauti alichoazima kwa mtu wa matangazo ya matanga, akikoroma na kutangaza kwa zamu.

“Leo hakuna ya bule! Zombi hapane mutu kitu! Weka kitu chini, beba kidole! Ukikosa kitu, kaa kwako!”

Watu walitoka. Mtu hawezi kukaa ndani wakati wachawi wanapita na kipaza sauti. Lakini walisimama ng’ambo ya barabara, mikono nyuma.

Viviane alitandika majani mapana ya migomba mbele ya nyumba, akapanga vidole, macho na ubongo, safari hii vilivyopikwa jikoni kwa Émilie. Akakaa nyuma yake, uso mweupe, mikono yake yeye pia nyuma ya mgongo, ili kila mtu aione haipo. Akangoja. Jua lilimpiga, na pemba ikaanza kupasuka mashavuni. Nzi walikuja kwenye ubongo na Émilie akawafukuza kwa kanga.

Bilali alitoka, akaweka kibunda cha uzi mbele ya kidole.

“Huyo ni wa kwao!” mtu akapiga kelele ng’ambo. Watu wakaguna, wakakubali.

Umati ukaanza kupungua pembeni. Augustin akainama sikioni mwake.

“Ya Viviane, tufunge?”

“Bado.”

“Batu banaenda.”

“Umeona miguu yangu inaenda?”

Ndipo Agathe alipovuka. Alikuwa na beseni la makaa kichwani, amevaa kitenge kizuri cha kanisani, na alitembea kama mtu anayekwenda kung’olewa jino. Alisimama mbele ya majani, mbali kidogo, akashusha beseni, akachagua vipande vitatu vya makaa, akavirusha chini.

“Nilikula tatu,” alisema kwa sauti ya wote kusikia. “Nalipa tatu. Imeisha. Usiku usikuye kwangu.”

Alikwisha geuka. Bilali alivuta pumzi ya ahueni. Kilichobaki ni Viviane kuinama na kuviokota, na jambo lenyewe kufa hapo.

Viviane alivitazama vile vipande. Vilikuwa vidogo, kimoja kimevunjika nusu. Alijua akivikubali namna ile, Agathe atarudi kwake akiwa amemtupia kitu mchawi ili amwache. Hiyo haikuwa biashara. Mtu akimtupia mbwa mkali mfupa, haimaanishi kwamba amefanya biashara na mbwa.

“Chukua makala yako,” alisema.

Agathe akageuka. “Nini?”

“Haitoshi. Kidole yangu iko na yai. Iko na sukari, siagi, karanga ya Mama Safi. Weye unaniletea vumbi.”

Émilie alifunga macho. Augustin alisema “Yesu” ndani ya kipaza sauti bila kukusudia, na sauti ikaenea mtaa mzima.

“Vumbi?” alisema Agathe.

“Na iko mubichi. Hii ikiingia kwa moto, inatoa moshi mpaka jioni.”

“Mubichi!” Ile sauti ya kuvuka barabara ikarudi yote. “Makala yangu mubichi? Weye, mupika mikate ya kujaa mafuta, unasema makala yangu iko mubichi? Miaka yote hii ulikuwa unakaanga na nini, na jua?”

“Ile ya zamani ilikuwa muzuri. Hii umeokota chini ya gunia.”

“Ya mti mugumu! Ya kutoka kilometre mingi! Shika, uzito yake, shika!”

“Sishike. Iko chini, batu banaona. Ongeza.”

“Siongeze hata unga yake! Na kidole yako ya pili ilikuwa na karanga ya kuoza!”

“Na mbona ulikula ya tatu?”

Ng’ambo ya barabara mtu alicheka, akajizuia, akashindwa. Watu walikuwa wamesogea bila kujijua. Mtu hawezi kusikiliza ugomvi wa bei kutoka mbali. Fundi wa matairi alisema makaa ya Agathe kweli yamepungua siku hizi. Mama mwingine akamwambia afunge mdomo wake, mwanamume anajua nini juu ya makaa. Mama Safi akapenya mpaka mbele, akainama, akatazama vipande vitatu, kisha vidole.

“Agathe,” alisema, “hii njo kweli haitoshi. Karanga peke yake inapita makala hii. Karanga yangu haiozake. Ongeza.”

Agathe alihema. Alitazama beseni lake, akamtazama Viviane kwa chuki safi ya sokoni, ile chuki isiyo na hofu hata chembe. Akaokota vipande vinne vikubwa, vyeusi, vinavyolia kama kengele vikigongana, akavipanga mbele ya majani kimoja baada ya kingine.

“Mwizi,” alisema.

“Sasa iko sawa,” alisema Viviane.

Ndipo akatoa mikono nyuma ya mgongo. Aliinama, akaokota makaa, akayaweka moja kwa moja kwenye jiko lililokuwa likiwaka kando, watu wakiona. Hayakutoa moshi.

Hakuna mtu anayepatana bei na ndoki. Hilo halikusemwa na yeyote, lakini fundi wa matairi alikuwa amekwisha kuweka ndimu chini na kuuliza kama anapata jicho moja au mawili. Mama aliyekuwa amemvuta mwanawe wiki iliyopita aliweka yai na kusema jicho moja kwa yai zima ni matusi. Augustin aliacha kukoroma akawa anapanga foleni. Bilali aliingia kuleta vidole vilivyobaki.

Agathe hakuondoka. Alisimama palepale, beseni kiunoni, akiutazama ubongo wa lituma, mkubwa na wa manjano, na mikunjo yake yote.

“Na hii?” aliuliza, kama mtu asiyejali.

“Hiyo iko bei.”

“Nimeuliza bei gani.”

Viviane alijipangusa pemba iliyokuwa imemwingia jichoni. “Keshokutwa, lundi asubuhi, unaniuzia makala, kwa mukono yako, kama zamani. Halafu unakula mikate yangu mbele ya kibanda, saa ya batoto ya masomo kupita.”

Agathe alifikiri. Alitazama ubongo, akatazama jiko, akautazama ubongo tena.

“Mikate ngapi?”

“Tano.”

“Mbili.”

“Ine, na unatafuna polepole, bakuone.”

“Tatu,” alisema Agathe, akaweka beseni lake chini ili abishane vizuri.